Benchi la Wenye Mshipa

Shemeji yangu anaamini kwamba kitu kikishagongwa muhuri kimeshakuwa kweli. Simlaumu, ndiyo kazi inayomlisha. Anakaa nyuma ya dirisha lenye tundu, watu wanapenyeza karatasi zao, anazitazama kama mtu aliyeona unywele kwenye sahani yake, kisha anagonga. Akirudi nyumbani mkono haujui kwamba kazi imekwisha, basi anagonga meza. "Nimeshasema," anasema, halafu dup. Vijiko vinaruka.

Kwa hiyo mtoto wake alipopimwa macho akarudi na kadi iliyoandikwa KAWAIDA, na muhuri wa bluu chini yake, shemeji aliisimamisha kadi ile kabatini mbele ya vikombe, na suala la macho likafungwa. Kilichobaki wazi kilikuwa mdomo wangu.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Nashona. Cherehani yangu iko barazani kwao, chini ya dirisha, na binti yao wa miaka sita amekulia miguuni pangu katikati ya vipande vya vitambaa. Tunamwita Kasuku. Si kwa kelele, maana ni mpole mpaka unasahau kama yupo. Ni kwa sababu akisikia kitu mara mbili, ameshakimeza. Matangazo ya redio anayo yote, pamoja na kikohozi cha mtangazaji. Hotuba ya baba yake ya kila jioni, ile ya watu wasiofuata utaratibu, anaitoa mwanzo hadi mwisho, na mwishoni anagonga sakafu kwa kiganja: dup.

Kwangu alikuwa na cheo. Alikuwa mtunga uzi. Anafumba jicho la kulia, anatoa ncha ya ulimi, uzi unapita kwenye tundu la sindano mara moja. Nakumbuka vizuri lilikuwa la kulia, kwa sababu mimi nafumba la kushoto, na tulikuwa tukitazamana tunafanana na mtu na kioo chake. Halafu mwezi mmoja nikaona amehama, anafumba la kushoto kama mimi. Nikaendelea kutazama. Mwezi uliofuata uzi ukawa unapita pembeni ya sindano, hewani. Chai akawa anaimimina kando ya kikombe, kwa utulivu kabisa, kama kikombe kiko pale. Na mlango wa jikoni ukawa unampiga bega la kushoto kila siku, bega lile lile, na kila siku anauomba mlango radhi.

Siku moja nikafanya kitu cha kipumbavu, kwa kuwa cha kitaalamu sikukijua. Nilimfunga kitambaa kwenye jicho la kulia, nikamwuliza, "Nina vidole vingapi?"

"Vitatu," akasema.

Mikono yangu yote miwili ilikuwa mapajani.

"Kwa nini vitatu?"

"Jana kwenye televisheni mtu aliulizwa hivyo, akasema vitatu, wakampigia makofi."

"Na wewe unaona nini hapa?"

Akasogea mpaka pumzi yake ikawa sikioni mwangu. "Baba amesema nisiseme lile neno."

Lile neno ni "sioni". Shemeji alilipiga marufuku tangu siku mtoto alipoukanyaga mkoba wake uliokuwa upande wa kushoto wa kiti. "Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kuvaa miwani," alisema. "Babu yangu alikuwa anamtambua mtu kwa mwendo, mtu mwenyewe bado yuko ng'ambo ya bonde."

"Na huyo mtu alikuwa anakubali kwamba ndiye?" nikauliza.

"Wewe uliishia msingi," akasema shemeji. "Usinihoji."

Ni kweli niliishia msingi. Ila kule msingi walinifundisha kuhesabu, na niliweza kuhesabu kwamba mtoto aliyekuwa na macho mawili mwanzoni mwa mwaka sasa ana moja na kitu. Hicho kitu kilikuwa kinapungua, na sikujua kimebakiza siku ngapi. Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kadi ya kabatini haikuniumiza kichwa.

Dada yangu anafanya kazi ya zamu kiwandani, akirudi anakuwa amebaki nusu. Nilimweleza akiwa anavua viatu. Akavua kimoja, akakaa nacho mkononi. "Mpeleke tena," akasema. "Huyu mgonga mihuri niachie mimi."

Basi nikampeleka.

Idara ya macho ya watoto katika hospitali ile ni ukumbi mwembamba wenye mabenchi pande mbili na mlango mmoja mwishoni, ambao haufungi. Bawaba ya juu ilishang'oka, mlango umeegemea ukuta kama mtu aliyechoka kusubiri. Ukifika tu, kabla hujakalia kipande chako cha benchi, anakuja muuguzi tuliyempa jina Sista Matone. Ana kichupa kidogo. Anainua uso wa mtoto kwa kidole kimoja chini ya kidevu, tone kulia, tone kushoto, anahamia wa pili. Haulizi jina wala shida. Nadhani ukijisahau ukafumbua macho sana na wewe anakutilia.

"Haya yanafanya nini, sista?" nilimwuliza.

"Yanapanua mboni, daktari aone ndani. Tunayaweka mapema ili asisubiri."

"Kabla hajamtazama?"

"Dada, unaiona foleni?"

Niliiona. Mboni, yaani ule mduara mweusi wa katikati, zilikuwa zinapanuka benchi zima, mpaka watoto wote wakawa wananitazama kama paka.

Tulikaa saa tatu. Ndani, kwa kuwa mlango haufungi, kila kitu kilisikika. Kuna ubao wa herufi E nyingi, kubwa juu, ndogo chini, na kila E miguu yake mitatu imeelekezwa upande wake. Msaidizi anagonga herufi kwa fimbo, mtoto anasema miguu imeelekea wapi. Tok, juu. Tok, kulia. Tok, chini. Tok, chini. Tok, kushoto. Mtoto wa kwanza, wa pili, wa kumi. Ubao ni ule ule, mpangilio ni ule ule, na pengine ulikuwa ule ule nilipokuwa mimi mwenyewe nimebebwa mgongoni. Nikamtazama Kasuku. Midomo yake ilikuwa inachezacheza.

Basi alihitaji msaada gani tena? Tulipoingia akafunikwa jicho la kulia, fimbo ikagonga, naye akaanza: juu, kulia, chini, chini, kushoto, mpaka mstari wa mwisho ambao mimi mwenyewe, kwa macho yangu mawili, niliuona kama njia ya sisimizi. Hakuhitaji kuona ubao. Alihitaji kusikia tok.

Daktari wa macho tulimpa jina Daktari Kawaida, kwa sababu ndilo neno alilokuwa akiliandika. Mbele yake kulikuwa na rundo la fomu, na kwenye kila fomu, mstari wa "mboni zinavyoitikia mwanga" ulikuwa na alama ya vema tayari, mpaka chini kabisa ya rundo. Alizitia asubuhi, nadhani, wakati mkono bado una nguvu. Akainama, akachungulia jicho la kulia, akapitisha kile kichungulio juu ya la kushoto kama anayefuta vumbi.

"Mama, huyu mtoto anaona kuliko wewe."

"Mimi ni mama yake mdogo."

"Basi anaona kuliko mama yake mdogo. Amesoma hadi mstari wa mwisho."

"Hakusoma, daktari. Alikuwa anaimba. Ameusikia ubao wote pale nje. Nyumbani anamimina chai mezani, na uzi—"

"Umesoma mpaka wapi?"

"Msingi."

"Basi mimi nibaki na macho, wewe ubaki na uzi." Akaandika neno lake. Muhuri ukashuka.

Shemeji aliisimamisha kadi ya pili kando ya ya kwanza. Akarudi nyuma hatua mbili kuzitazama, kama mtu aliyepachika picha za harusi.

Lakini zile saa tatu sikuzipoteza bure. Juu ya benchi letu kulikuwa na bango la jicho lililopasuliwa katikati kama tunda, na nyuma ya jicho limechorwa kamba nene inayoingia kichwani. Chini yake pameandikwa: "Huu ni mshipa wa fahamu wa jicho. Ndio unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa ukiugua, jicho kwa nje huweza kuonekana zima. Mlete mtoto mapema." Nililisoma mara kumi na moja. Sikumwona mtu mwingine yeyote akilisoma, wala wale waliolibandika. Waliosoma sana hawasomi ukutani.

Wiki iliyofuata nikarudi na mtoto, na nikawa na neno langu.

Mapokezi kuna karani ambaye hainui kichwa. Unaongea na utosi wake.

"Tatizo?"

"Mshipa," nikasema. "Nataka aangaliwe mshipa wa—"

"Chumba namba tisa. Anayefuata."

"Wa jicho," nikamalizia, lakini nilikuwa namwambia mgongo wa bwana aliyekwisha kunisukuma.

Chumba namba tisa kiko upande wa pili wa jengo. Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba hakuna watoto. Cha pili, hakuna wanawake. Kulikuwa na wanaume saba kwenye benchi moja refu, wamekaa kwa uangalifu, miguu wameitanua, kila mmoja akitazama mahali ambapo mwenzake hatazami. Mmoja alikuwa ametandaza gazeti mapajani kama kitambaa cha meza. Ndipo nikaelewa nimeandikiwa mshipa gani. Ule unaowashukia wanaume huko chini, ambao hawautaji mbele ya wakwe.

Miguu yangu ilitaka kuondoka. Kisha nikafikiri: huku kuna daktari, foleni ni ya watu saba, na hakuna anayeimba. Nimeandikiwa namba tisa. Na shemeji yangu amenifundisha kwamba kilichoandikwa ndicho. Nikakaa.

Mzee wa pembeni akatusogezea nafasi, kwa shida. "Binti, umemsindikiza nani? Baba yako yuko ndani?"

"Nimemleta huyu."

Akamtazama Kasuku. Akanitazama mimi. Akautazama mlango.

"Huyu?"

"Huyu."

"Ana nini?"

"Mshipa."

Mwenye gazeti akalikunja taratibu, akaliweka chini. "Na mimi miaka minne naona haya kuja," akasema.

"Ameupata kwa kunyanyua vitu vizito?" akauliza mwingine.

"Mimi nanyanyua uzi," Kasuku akajibu kwa adabu, na mzee akasema pole mwanangu, kazi hazifanani.

Daktari wa chumba tisa alikuwa mwanamke, mnene, mwenye mikono ya mtu anayefanya kazi. Sasa nikaelewa pia kwa nini mabwana wale walikuwa hawatazamani. Mlango ulifunguliwa, sauti ikatoka kabla yake: "Mshipa anayefuata. Panda kitandani, mzee, legeza mkanda—" Akakoma. Kasuku alikuwa anatafuta ngazi ya kitanda kwa mguu, na mguu ulikuwa unapapasa kushoto ambako ngazi haikuwa.

"Nani amewaleta huku?"

"Karani."

"Mshipa wa nani?"

"Wa mtoto. Uko jichoni, daktari. Naomba usitufukuze. Nimeandikiwa mshipa na wewe ni daktari wa mshipa. Bango lenu linasema jicho lina wake."

Alicheka mpaka akashika ukingo wa meza. Nikamwacha acheke. Nimezoea kusubiri, na kitambaa kinachocheza huwezi kukikata. Alipofuta machozi nikamweleza: uzi, chai, mlango, vidole vitatu. Kwenye vidole vitatu hakucheka.

"Mimi napasua watu," akasema. "Macho si kazi yangu. Ila wanaoletwa wamepigwa vichwa nawamulika mimi." Akatoa mfukoni kurunzi ndogo kama kalamu. "Leo wamemtia matone?"

"Bado hatujafika kwa matone."

"Vizuri. Mwanangu, tazama kule ukutani."

Akamulika jicho la kulia. Mboni zikajikunja, zote mbili, kama mdomo uliolamba limau. Akahamisha mwanga haraka kwenye jicho la kushoto. Mboni ikapanuka. Kulia, ikajikunja. Kushoto, ikafunguka. Akarudia mara sita, na kila mara uso wake ukawa unapungua mzaha.

"Umeona?" akaniuliza.

"Linafunguka wakati linamulikwa. Lilitakiwa kufumba."

"Kwa nini linafunguka?"

Nikafikiri. "Linadhani taa imezimwa."

Akanitazama. "Nimewafundisha vijana wa chuo jambo hili wiki nzima, hakuna aliyelisema hivyo. Jicho la kulia linauambia ubongo mwanga umekuja. La kushoto linauambia mwanga umeondoka. Jicho ni zima, kamba yake ndiyo inakufa." Akamshika mtoto mkono. "Twende."

Tukatoka. Aliwaambia wale mabwana wasubiri, dharura. Mzee akasema bora mtoto atangulie, wetu haukimbii.

Sista Matone alituona kutoka mbali. Akaja kichupa mkononi, kidole kimeshanyooshwa kuelekea kidevu. Daktari wa upasuaji akaushika mkono ule hewani.

"Usimguse."

"Ni utaratibu, daktari."

"Najua. Ndio ninaomkinga nao."

Daktari Kawaida alikuwa kwenye rundo lake. Mwenzake hakumsalimia sana. Alichukua fomu ya juu, ambayo bado haikuwa ya mtu yeyote.

"Huyu ni nani?"

"Anayefuata," akasema Daktari Kawaida.

"Mboni zake umeandika ziko sawa."

"Huwa ziko sawa."

"Umezionaje, na anapofika kwako matone yameshazilaza? Mboni iliyotiwa dawa haifungi hata ukiimulika kwa jua."

"Daktari, ni foleni."

"Foleni haina mboni."

Akampa kurunzi. Kulia, kushoto, kulia, kushoto. Daktari Kawaida alirudia mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu anayetikisa saa iliyosimama. Kisha akasema, kwa sauti ambayo haikuwa ya muhuri, "Lakini alisoma ubao wote."

Hapo nikaomba radhi, nikapita nyuma ya kiti chake, nikauvua ubao kwenye msumari, nikautundika kichwa chini.

Hakuna aliyenizuia. Nadhani walisahau kama fundi cherehani ana mikono.

"Mgongee sasa," nikamwambia msaidizi. "Anzia ile kubwa."

Kasuku akafunikwa jicho la kushoto. Tok. Akafungua mdomo, akaufunga. Akakunja uso. "Imegeuka," akasema. "Chini." Tok. "Kushoto." Tok. "Juu." Akaenda hivyo polepole, akiusoma ule ubao uliopinduliwa, mistari mitano bila kosa. Kisha akafunikwa la kulia. Tok.

"Juu," akasema kwa ujasiri. Tok. "Kulia." Tok. "Chini." Tok. "Chini."

Ile E ya kwanza, kubwa kama sahani, miguu yake ilikuwa imeelekea sakafuni. Wimbo wake uliendelea hadi mwisho, vizuri, bila kukosea hata noti moja, na msaidizi hakuwa anagonga tena.

Ndipo wakamtia matone, kwa zamu yake, na Daktari Kawaida akachungulia lile jicho kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumchungulia mtu. Akaniita na mimi nitazame. Kule nyuma kuna duara dogo ambako kamba inaanzia. La kulia lilikuwa na rangi ya waridi. La kushoto lilikuwa jeupe, limepauka kama kitambaa kilichosahauliwa juani.

"Hii haikuanza leo," akasema.

"Wala haikuanza wiki iliyopita," nikasema. "Wiki iliyopita ilikuwa kawaida."

Aliandika barua. Kuna kitu kinaubana mshipa, ilisema. Apigwe picha ya kichwa haraka, na mzazi atie sahihi.

Jioni ile shemeji aliingia bila kusalimu. Kumbe yule bwana wa gazeti anafanya kazi dirisha la pili kutoka kwake, na alikuwa amerudi kazini mchana.

"Umempeleka wapi mwanangu?" Hakukaa. "Ofisi nzima wananiuliza mshipa ameurithi kwa nani. Kwa nani, mimi? Mtoto wa kike, kwenye benchi la wenye mshipa, katikati ya wazee wamejitandaza. Umenivua nguo."

"Shemeji, soma."

"Nisome nini?"

"Imegongwa."

Hapo akanyoosha mkono. Aliisoma amesimama, akaisoma tena amekaa. Akaenda kabatini akazileta zile kadi mbili, akazipanga mezani pamoja na barua. Muhuri ule ule, bluu ile ile, hospitali ile ile. Alizigeuza nyuma na mbele. Sijawahi kumwona mtu akizitazama karatasi kwa unyonge vile, na yeye ndiye anayewafanya wengine wazisubiri zake kwa unyonge.

"Ipi ndiyo kweli?" akaniuliza.

"Muulize mwenye jicho."

Kasuku alikuwa chini, anapanga vifungo kwa rangi. Baba yake akapiga goti mbele yake, akamziba jicho la kulia kwa kiganja.

"Mwanangu. Unamwona baba?"

Nilimwona anatafuta jibu linalotakiwa, anapekua yote aliyoyameza, moja baada ya jingine. Kisha akatabasamu.

"Vitatu," akasema.

Dada yangu alikuwa mlangoni, bado na viatu. Shemeji aliondoa kiganja, akakitazama, akainuka akatafuta kalamu. Akatia sahihi. Hakugonga.

Picha ilionyesha uvimbe mdogo, kama punje ya kunde, umeuegemea mshipa wa kushoto na umeanza kuelekea unakokutana na wa kulia. Miezi mingine michache, walisema, tungekuwa tunazungumzia macho yote mawili. Ukatolewa. Daktari mmoja aliyekuja kutoka mbali ndiye aliyefanya kazi, na yule wa chumba tisa akaenda kusimama tu pale, akasema ana haki, mgonjwa ni wa benchi lake.

Sasa ni miezi minane. Shemeji ameshapona aibu. Akipata wageni anawaeleza: "Mimi tangu mwanzo nilisema, huu ni mshipa. Watu walidhani ni utundu." Namwacha. Kadi za KAWAIDA hazipo kabatini, vikombe vinaonekana, na wiki iliyopita alikuja kuniuliza faragha kama namna herufi za gazeti zinavyocheza siku hizi ni kosa la wachapishaji.

Hospitali nayo imejifunza. Tulipokwenda kupimwa juzi, tulikuta tangazo jipya ukumbini, limegongwa muhuri: "Ni marufuku watoto kusikiliza majibu ya wenzao wakiwa kwenye foleni." Mlango bado umeegemea ukuta. Ila Sista Matone sasa anasubiri kurunzi ipite kwanza, ananung'unika lakini anasubiri, na ubao wana mwingine wa akiba, wanabadilishana.

Kasuku alikaa kwenye kiti. Wakamfunika jicho la kulia. Fimbo ikagonga ile kubwa kabisa.

"Naiona kama kivuli," akasema. "Miguu iko... chini?"

"Ndiyo," akasema msaidizi. Akagonga mstari wa pili. Tok.

Midomo ya Kasuku ikacheza kidogo. Nikauona wimbo unamjia. Alinitafuta nilipokuwa nimekaa, kisha akamtafuta baba yake, ambaye safari hii alikuja, na amesimama nje ya ule mlango usiofunga, chini ya bango la ukumbini, anajifanya analisoma. Shemeji akaikunja mikono nyuma ya mgongo, akaishikilia.

"Sioni," Kasuku akasema.

Daktari Kawaida aliinua kalamu juu ya fomu, mahali ambapo hapakuwa na alama yoyote. "Rudia, mama."

"Sioni," akasema tena, kwa sauti ya kutangaza habari, na daktari akaliandika neno hilo kama lilivyo.